Wafanyakazi Wakibaki Nyumbani, Ni Nani Anayebaki Mjini?

Ukishuka kwa miguu kutoka kilima cha Nakasero, katikati ya jiji la Kampala, Uganda, hadi Barabara ya Kampala, hukosi kuliona bango linalotangaza kwamba jengo fulani lina ofisi za kupangisha. Mabango hayo yamezua maneno mengi. Wapo wanaosema kwamba kazi ya ofisini imekwisha, kwamba kila mtu sasa yuko nyumbani Kira au Entebbe na kompyuta yake, na kwamba majengo marefu ya jiji yatageuka makao ya popo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba huku kwetu hakuna mwajiri anayelipa mshahara kwa mtu asiyemwona. Nilizisikia kauli zote mbili katika teksi moja, safari moja ya kutoka Ntinda, na naamini zote mbili zimekosea, ingawa kila moja imeshika kipande cha ukweli.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko inatoka hapo. Kazi ya mbali ni kazi ambayo mtu anaifanya nje ya jengo la mwajiri wake, akitumia simu, kompyuta na intaneti kupokea maagizo na kurudisha matokeo. Wazo hilo si geni: mwaka 1973 mhandisi wa Marekani, Jack Nilles, alipendekeza kwamba badala ya kuwasafirisha wafanyakazi kila asubuhi hadi ilipo kazi, kazi yenyewe isafirishwe hadi walipo wafanyakazi, ili foleni za magari zipungue. Mfumo mseto ni ule ambao mtu huenda ofisini siku kadhaa za wiki, tuseme Jumanne hadi Alhamisi, na siku zilizobaki hufanyia kazi nyumbani. Mtu wa mseto bado anahitaji meza, kiti na nauli, ila si kila siku, na hili la "si kila siku" ndilo linalovuruga hesabu za mji kuliko jambo lingine lolote.

Kuna aina mbili za ofisi tupu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ofisi isiyo na mpangaji. Ya pili ni ofisi ambayo mpangaji anailipia kila mwezi, lakini viti vyake havina watu. Mfikirie mwanafunzi wa Makerere aliyelipia chumba cha hosteli Kikoni kwa muhula mzima, kisha akaenda kukaa kwao Mbale. Mwenye hosteli hajapoteza kitu, kwa kuwa pesa yake ameshaipokea. Muuza chapati aliye mlangoni pa hosteli amepata hasara tangu asubuhi ya kwanza. Mji wa ofisi unaumia kwa mpangilio huo huo: wa kwanza kuumia ni wanaouza kwa siku, kisha, baada ya miaka, ndipo anapofikiwa mwenye jengo, na baada yake benki iliyomkopesha. Takwimu za vyumba visivyo na wapangaji, ambazo ndizo zinazotajwa sana katika habari, humhusu mwenye jengo peke yake. Muuza chapati hamo.

Ucheleweshaji huo unatokana na mikataba. Katika miji mikubwa ya Marekani, kampuni huweza kusaini mkataba wa pango wa miaka 10 au zaidi. Iliyosaini mwaka 2018 iliendelea kulipa wakati wafanyakazi wake wamejifungia nyumbani kwa sababu ya korona, na swali la kama inahitaji orofa zote sita lilikuja mezani mkataba ulipokaribia kwisha. Ndiyo maana habari za majengo ya ofisi kuuzwa kwa bei ya kutupa zilishika kasi mwaka 2023 na 2024, wakati wengi walishadhani kwamba gonjwa limepita na madhara yake pia. San Francisco, ambako kabla ya 2020 kupata ofisi katikati ya jiji kulikuwa kazi ngumu, ilifika mahali ambapo zaidi ya theluthi moja ya nafasi yake ya ofisi haikuwa na mpangaji.

Msomaji anaweza kuuliza: theluthi mbili zikibaki, si bado mwenye jengo anakula? Hapa inafaa tupige hesabu ya mfano. Chukua jengo linaloingiza pango la shilingi milioni 100 kwa mwezi. Lifti, walinzi, usafi, jenereta na matengenezo vinakula milioni 40, na zinabaki milioni 60 za kulipa mkopo na kumpa mwenye jengo faida. Sasa wapangaji wanaolipa milioni 30 wanaondoka. Lifti haipunguzi umeme kwa sababu orofa ya tano haina mtu, na mlinzi wa getini halipwi nusu mshahara. Gharama inabaki milioni 40 au karibu na hapo. Mapato ni milioni 70, hivyo kinachobaki ni milioni 30. Pango limepungua chini ya theluthi, lakini kilichobaki mkononi kimepungua nusu nzima. Kama mkopo wa benki ulihitaji milioni 45 kila mwezi, jengo hilo lenye watu wengi ndani yake, lenye taa zinazowaka na gari za wageni mlangoni, limeshaanguka kifedha bila mpita njia kujua.

Huko Marekani, watafiti Arjun Ramani na Nicholas Bloom waliupa mwenendo huu jina la donati, lile andazi lenye tundu katikati: watu na biashara hupungua katika kiini cha jiji kubwa na kuongezeka katika mduara wa vitongoji vinavyolizunguka. Jambo linalosahaulika katika picha hiyo ni kwamba wengi hawakuhama mbali. Walisogea kidogo tu, wakabaki karibu kiasi cha kufika ofisini siku mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu mseto ndio ulioshinda.

Je, donati hiyo imefika Kampala? Jibu langu ni kwamba Kampala ilikuwa donati kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 katika Kampala na zaidi ya milioni 3.4 katika Wakiso, wilaya inayolizunguka jiji kama ukanda. Watu walikwenda kutafuta viwanja na nyumba za bei wanayoimudu Kira, Nansana, Bweyogerere na kando ya barabara ya Entebbe, huku kazi zao zikibaki mjini. Kila asubuhi ukanda huo humiminika ndani ya jiji kwa teksi na boda boda, na kila jioni hutapikwa nje tena. Makazi yalihama peke yake, na foleni ya Jinja Road ndiyo gharama ya kuyatenganisha na kazi.

Ofisi nazo zilikuwa zimeanza kuyafuata makazi. Kwa miaka mingi sasa kampuni, mashirika na balozi zimekuwa zikihamia Kololo, Naguru, Bugolobi na Ntinda, mahali penye nafasi ya kuegesha gari na pasipohitaji mtu kuvuka makutano yenye foleni ya Clock Tower saa mbili asubuhi. Mamlaka ya Mapato ya Uganda yenyewe ina jengo lake la orofa 22 Nakawa, nje ya kiini cha zamani cha jiji. Serikali, ambayo ni mpangaji mkubwa mno wa ofisi Kampala, imekuwa na mpango wa muda mrefu wa kuzikusanya wizara na idara zake Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe. Mpango huo ukitimia wote, orofa zitakazoachwa wazi mjini kwa mkupuo mmoja zitakuwa nyingi kuliko zile ambazo kazi ya mbali inaweza kuziacha wazi kwa miaka. Kwa hiyo unapoliona bango la ofisi za kupangisha Nakasero, usikimbilie kuilaumu kompyuta mpakato. Uwezekano mkubwa ni kwamba mpangaji amekwenda Bugolobi, akiwa na meza zake zote na wafanyakazi wake wote.

Upande wa pili wa ubishi nao tuutazame kwa haki, yaani kauli kwamba kazi ya mbali haipo kwetu. Mwaka 2020 Jonathan Dingel na Brent Neiman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba asilimia 37 ya kazi za Marekani zinaweza kufanyiwa nyumbani kikamilifu, na wakaonyesha kwamba kadiri nchi ilivyo na kipato cha chini, ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa ndogo. Sababu haina fumbo. Mkulima hawezi kupalilia kahawa kwa intaneti, wala muuza vipuri wa soko la Kisekka hawezi kufunga bolti ya gari akiwa sebuleni. Uganda wengi wetu tunaishi kwa kilimo na biashara ndogo. Lakini sehemu ndogo ya kazi zote si sehemu ndogo ya ofisi. Wahasibu, waandika programu, maofisa wa miradi ya mashirika, wanasheria vijana na watu wa huduma kwa wateja ndio hasa waliokuwa wakijaza orofa za juu, na ndio wenye kazi inayobebeka. Ukichukua kijiko kimoja cha chumvi kwenye gunia, gunia halijui. Ukikichukua kwenye mchuzi, mlaji atajua.

Tulijaribiwa sote mwaka 2020. Usafiri wa umma uliposimamishwa mwezi Machi, mwenye kazi inayobebeka alikaa nyumbani na kuendelea kupokea mshahara, ilhali wauza vyakula wa masokoni waliagizwa walale sokoni ili jiji lisikose chakula. Ninaikumbuka mistari ya vyandarua vilivyofungwa kwenye nguzo za vibanda, juu ya mifuko ya viazi, na kina mama waliokaa wiki nzima bila kuwaona watoto wao. Nilielewa wakati huo kwamba kufanyia kazi nyumbani, zaidi ya kuwa suala la teknolojia, ni haki ambayo baadhi yetu wanayo kwa sababu wengine hawana. Mtu aliye nyumbani na kompyuta yake bado anakula, na chakula hicho kinabebwa na mtu aliyelazimika kutoka.

Hata kwa wenye kazi inayobebeka, nyumba si ofisi ya bure, na hapa ndipo waajiri wengi wanaponyamaza. Mfanyakazi akiwa ofisini, umeme, intaneti, maji ya kunywa na kiti vinalipwa na mwajiri. Akihamia nyumbani, mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni yake, na ikikata saa tisa alasiri katikati ya kikao ni yeye anayetafuta tokeni. Bando la intaneti ni lake pia, na tangu Julai 2021 bando hilo hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Zaidi ya hayo, Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku 5. Aliyekuwa na ofisi mjini angeweza angalau kwenda kukutana na mwenzake uso kwa uso. Aliyekuwa na ofisi ndani ya intaneti alikuwa hana ofisi. Mwajiri anayesema kwamba ameokoa pango kwa kuwarudisha watu nyumbani ajiulize kwanza kama ameliokoa au amewabebesha wafanyakazi wake.

Kuna dhana nyingine iliyoenea, kwamba nyumbani watu hulala. Huyu Nicholas Bloom niliyemtaja, wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake, waliichunguza kampuni kubwa ya usafiri ya China, Trip.com, kwa kuwagawa wafanyakazi 1,612 kwa bahati nasibu: nusu wakaenda ofisini siku zote tano, nusu wakabaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Utendaji haukutofautiana, kupandishwa vyeo hakukutofautiana, na walioruhusiwa siku mbili nyumbani waliacha kazi kwa kiwango kilichopungua theluthi moja. Huo ni ushahidi wa mfumo mseto, katika kampuni yenye utaratibu wa kupima kazi. Usitumiwe kuthibitisha kwamba kukaa nyumbani mwaka mzima bila kumwona mwenzako hakuna hasara, hasa kwa kijana aliyeajiriwa juzi ambaye hujifunza kazi kwa kuwasikiliza wakubwa wakizungumza na wateja.

Wengine huuliza kwa nini majengo matupu yasigeuzwe nyumba za kuishi, ilhali watu wanahangaika na pango. Ni swali zuri, na New York na Calgary zimefanya hivyo kwa baadhi ya majengo. Ugumu wake uko ndani ya umbo la jengo. Orofa ya ofisi ya kisasa huwa pana, na vyoo vyote vimewekwa katikati karibu na lifti. Nyumba inataka kila chumba cha kulala kiwe na dirisha, na kila familia iwe na jiko na choo chake, kwa hiyo utalazimika kutoboa sakafu za zege ili upitishe mabomba, na bado utabaki na giza katikati. Majengo ya zamani, membamba, yenye madirisha mengi, hugeuzwa kwa urahisi zaidi kuliko minara ya vioo.

Kampala ina njia yake, na kwangu hii ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote. Katika eneo la chini la mji, kuanzia Kikuubo hadi kwenye maegesho ya teksi, nafasi ikiachwa wazi haikai ikisubiri kampuni. Hugawanywa kwa mbao na vioo kuwa vyumba vidogo vidogo, na baada ya muda jengo linakuwa akedi: nguo chini, viatu katikati, simu juu, na mshonaji kwenye ngazi. San Francisco ilipanda zao moja. Mtaa wake wa fedha ulikuwa ofisi juu ya ofisi, na wafanyakazi walipobaki nyumbani hata mikahawa ilifunga. Mji wetu umepandwa kama shamba la Buganda, migomba, kahawa na maharagwe katika udongo mmoja, na kahawa ikikosa mwaka huu familia haifi njaa. Makanisa, misikiti, benki, masoko, wakala wa pesa kwa simu na maegesho ya teksi huwaleta watu mjini kila siku, hata kama hakuna mhasibu hata mmoja aliyepanda lifti. Mpango wowote wa kuupamba mji kwa kuwafukuza wachuuzi ili ubaki wa ofisi peke yake unang'oa maharagwe na migomba kwa ajili ya kahawa, na hilo linanitia wasiwasi kuliko kazi ya mbali yenyewe.

Hatari iliyopo haionekani barabarani, imo katika kodi. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, hutoza kodi ya majengo kwa kuangalia pango ambalo jengo linaweza kuingiza. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake imesamehewa kodi hiyo kisheria tangu miaka ya 2000. Sasa tazama kinachotokea. Kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye orofa inayotozwa kodi Nakasero inahamia kwenye meza ya kulia chakula Kira, ndani ya nyumba isiyotozwa, tena katika wilaya nyingine. Pango la Nakasero likishuka, thamani inayotozwa nayo hushuka itakapopimwa upya. Kazi haijapungua, mshahara haujapungua, lakini fungu la kuzibua mitaro ya mji limepungua. Mitaro hiyo ndiyo inayofurika mvua ikinyesha na kumlowesha muuza nguo ambaye hana nyumba ya kubaki nayo.

Nyuma ya jengo moja la ofisi karibu na soko la Nakasero yupo mama ambaye nimekula kwake kwa miaka. Matoke yake hufika yakiwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga anauweka katika sufuria ya pili iliyozungushiwa kitambaa ili usipoe. Yeye hana haja ya takwimu kujua kilichotokea orofani. Jumanne hadi Alhamisi anabeba sufuria mbili za matoke. Jumatatu na Ijumaa anabeba moja. "Jengo limejaa, mwanangu," aliniambia, "lakini watu hawamo." Nilimuuliza kwa nini asiwafuate wateja wake huko wanakoishi. Akasema alijaribu, alikwenda upande wa Kira wiki mbili. Wateja walikuwa wale wale, ila kila mmoja yuko nyuma ya geti lake, na huwezi kutembea na sufuria ya moto ukigonga geti moja baada ya jingine.

Alirudi mjini. Siku za Ijumaa sasa huvuka barabara na sahani zake hadi kwenye akedi iliyo chini kidogo, akapanda ngazi hadi orofa ya tatu kwa wasichana wanaouza vifuniko vya simu. Hao hula sahani ndogo, hulipa kidogo, na wengine humlipa jioni baada ya kuuza. Lakini wapo, siku zote sita.